Kura kwa miaka 16: naunga mkono, ila kwa sharti moja

Mleta mada ameuliza kama ni sawa umri wa kupiga kura ushushwe hadi miaka 16. Wengi mliotangulia mmesema hapana, kwamba hawa watampigia aliyetajwa na baba au anayejua kuchangamsha mkutano. Nimefundisha uraia sekondari kwa miaka mingi na kusimamia chaguzi za serikali ya wanafunzi, kwa hiyo nachangia kwa niliyoyaona.

Hili la kutojua kupima mambo silikubali. Kuna mgombea mmoja alisimama kwenye kampeni za shule akaahidi safari ya mafunzo kwa kila darasa. Alishangiliwa sana. Kelele zilipotulia, binti wa miaka kama 15 akanyoosha mkono: "Kamati yenu mwaka jana ilibakiwa na shilingi ngapi, na hizo safari zitalipiwa na nani?" Jamaa akaanza kuzunguka mbuyu. Ukumbi mzima ukamshikia bango ajibu swali, na hakuwa na jibu. Kura zilipohesabiwa, alishindwa na kijana mpole aliyeahidi kitu kimoja tu: kusoma hesabu za kamati hadharani kila muhula.

Wanasaikolojia wanaochunguza ukuaji wa vijana wanatenganisha maamuzi ya aina mbili. Kuna yale ya papo kwa papo, damu ikichemka na marafiki wakiwa pembeni. Hapo kijana huchelewa kukomaa hadi baada ya miaka 20. Na kuna ya kutafakari taratibu, ambayo mtu wa miaka 16 huyamudu karibu sawa na mtu mzima. Kura ni ya aina hii ya pili. Unasikiliza kampeni wiki kadhaa, kisha unaingia kwenye kibanda peke yako.

Kuhusu kuamriwa na wazazi: kwenye kura ya maoni ya Scotland ya 2014 kuhusu kujitenga na Uingereza, vijana wa miaka 16 na 17 waliruhusiwa kupiga kura, na watafiti walikuta zaidi ya asilimia 40 kati yao wana msimamo tofauti na wa mzazi aliyehojiwa. Na jamani, watu wazima wangapi wanapiga kura kwa kufuata mkumbo wa ukoo? Mbona hatuwanyang'anyi?

Ila hoja inayonigusa zaidi ni nyingine. Miaka 18 ni umri mbaya wa kuanzia kura. Wanafunzi wangu wa zamani wakifika hapo wametawanyika: mmoja yuko chuoni mbali na alikojiandikisha, mwingine anatafuta kazi na analala kwa shangazi, mwingine hata kujiandikisha hajajiandikisha. Uchaguzi wa kwanza unapita hivyo hivyo, na anayeukosa wa kwanza huuzoea ukosaji. Mwenye miaka 16 bado yuko nyumbani, yuko darasani, na anamwona mama yake akienda kituoni. Austria ilishusha umri hadi 16 kwa chaguzi za kitaifa mwaka 2007, na utafiti uliofanyika huko ulikuta wenye miaka 16 na 17 wanajitokeza kuliko wa 18 hadi 20. Brazil nao wameruhusu tangu katiba ya 1988, na kwa umri huo kura ni hiari, wakati kuanzia 18 ni lazima.

Sasa sharti langu. Uandikishaji ufanyike shuleni, na somo la uraia lifundishwe kwa ukweli: bajeti inasomwaje, mbunge ana kazi gani, diwani ana kazi gani. Na mwalimu asiruhusiwe kabisa kupigia debe chama. Hapa ndipo naogopa, maana mwalimu anashika alama za mtoto, na mkuu wa shule anaweza kuagizwa apeleke wanafunzi kwenye mkutano wa kampeni wakiwa na sare. Pasipo sheria yenye meno dhidi ya hilo, mimi mwenyewe nitapinga umri kushushwa.

Anayeona hatua ni kubwa mno, tuanze na chaguzi za serikali za mitaa. Jimbo la Niedersachsen nchini Ujerumani lilianzia huko miaka ya 1990, na Austria nayo ilianzia ngazi za chini kabla ya kwenda kitaifa. Barabara ya kwenda shule, maji, maktaba: hayo kijana wa miaka 16 anayajua kuliko wengi wetu, kwa kuwa anayatumia kila siku.