Kirusi na mafunzo ya uandishi wa habari: uende wapi?

Ndugu, umeuliza uende wapi kusoma Kirusi huku ukifanya mafunzo kwa vitendo kwenye chombo cha habari, na Moscow umeitaja ya kwanza. Moscow iache kwa sasa. Tangu Machi 2022 sheria ya Urusi inaruhusu kifungo cha hadi miaka 15 kwa habari za jeshi ambazo serikali inaziita za uongo. Evan Gershkovich, mwandishi wa gazeti la Marekani la Wall Street Journal, alikuwa na kibali rasmi cha kazi, bado alikamatwa Machi 2023, akaachiwa Agosti 2024 kwa kubadilishana wafungwa. Mwanafunzi hana hata kibali hicho.

Mimi ningeenda Bishkek, mji mkuu wa Kirgizistani. Kirusi ni lugha rasmi huko pamoja na Kikirgizi, utakisikia sokoni na ndani ya marshrutka, daladala zao. Ila vyombo vya habari vimebanwa huko pia: mwaka 2024 mahakama iliamuru taasisi ya habari ya Kloop ifungwe. Kwa hiyo kabla hujashika kinasa sauti, mwombe mhariri akuthibitishie kwa maandishi suala la kibali. Viza ya masomo peke yake usiitegemee.

Ukishafika, omba kazi ya kunakili mahojiano yaliyorekodiwa. Inachosha kweli, lakini ndiyo itakayokufundisha namba. Kwa Kirusi namba hubadilika umbo kulingana na nafasi yake kwenye sentensi, na afisa anapotaja majeruhi na tarehe kwa kasi, ukikosea moja umeharibu habari nzima. Zamu ya kazi ikigongana na kipindi cha darasani, miezi ya mwanzo chagua darasa.