Muulize Bibi: Bwana aliyewalisha samaki kwa sauti

Mwezi uliopita mama mmoja wa Masasi aliniuliza kama televisheni inaharibu watoto. Katika kumjibu nilimtaja Fred Rogers, mtangazaji wa watoto wa Marekani, nikasema tu kwamba nampenda na kwamba alishafariki. Barua zilizofuata zimenifurahisha kuliko zote nilizopata mwaka huu. Leo najibu tatu.

Shikamoo Bibi. Nina binti wa miaka mitano. Mjomba wake alimwekea kwenye simu vipindi vya huyo Bwana Rogers. Kiingereza hajui, lakini anatulia mpaka kipindi kiishe, wakati katuni hamalizi hata moja. Mjomba alimweleza kwamba mwishoni yule babu huahidi kurudi tena. Sasa kila jioni ananiuliza atakuja lini Newala. Kwako ndiko nilikosoma kwamba amefariki. Nimwambie? Na ni nini kinachomshika mtoto kwa lugha asiyoijua? – Mama wa binti, Newala

Marahaba mwanangu. Nianze na la pili, maana ndilo linalobeba la kwanza.

Nilipokuwa nafundisha chekechea Lindi mjini, mgeni mmoja alituachia deki na kanda za video za kipindi hicho. Umeme ukiwepo, tuliwawekea watoto baada ya uji. Kila kanda ilianza vilevile. Mlango unafunguka, anaingia mwanamume mwembamba akiimba, anavua koti na kulitundika kabatini, anachukua sweta la zipu na kulivaa, kisha anakaa, anavua viatu vya ngozi na kuvaa raba, akifunga kamba moja baada ya nyingine bila haraka yoyote. Watoto wetu walipomwona mlangoni walimwamkia wote kwa sauti moja: "Shikamoo!" Naye alikuwa na desturi ya kutazama kamera moja kwa moja na kunyamaza kidogo, kwa hiyo wao wakaona amewaitikia. Sikuwasahihisha, na hata leo nisingewasahihisha.

Kimya kile alikipanga. Rogers alisoma makuzi ya watoto kule Pittsburgh, na kwa miaka mingi alimpelekea mtaalamu Margaret McFarland miswada ya vipindi vyake kabla ya kurekodi. Alijua mtoto anahitaji muda wa kujibu, hata kama anajibu kioo. Kuna siku aliweka mezani kisaa cha kupimia muda wa jikoni ili watoto waone dakika moja ina urefu gani, akaiacha dakika nzima ipite hivihivi, televisheni ikiwa hewani. Binti yako hasikii Kiingereza, ila anasikia mtu anayemsubiri. Katuni haimsubiri.

Kwenye seti ile palikuwa na tangi la samaki, na kuwalisha ilikuwa sehemu ya kipindi. Mtoto mmoja kipofu wa miaka mitano akamletea barua kupitia kwa wazazi wake: tafadhali useme unapowalisha samaki, maana mimi sioni, nahofia wana njaa. Tangu hapo akawa anasema, "Sasa nawalisha samaki." Mamilioni walikuwa wakimwona kwa macho yao akinyunyiza chakula, yeye akatamka ile sentensi kwa ajili ya wasioona. Nikiulizwa kwa nini nampenda mtu huyu, huwa nasimulia habari ya samaki na kuishia hapo.

Sasa, kumwambia. Mwambie, mwanangu, na umwambie kwa neno lenyewe, amekufa.

Najua desturi yetu. Mtu akifa, mtoto anaambiwa amesafiri, ameenda Dar. Niliwahi kumwona mtoto stendi ya Lindi amemng'ang'ania baba yake miguuni, basi limeshawasha injini, analia mpaka sauti inakatika. Kumbe bibi yake naye "alisafiri" na hakurudi. Mtoto huchukua neno jinsi lilivyo. Rogers alilijua hilo kuliko mtangazaji yeyote ninayemfahamu. Aliwahi kutunga wimbo wa kuwatoa hofu watoto wanaoogopa kumezwa na tundu la kutolea maji la bafu, akiwahakikishia kwamba hawawezi kupita pale. Mtu mzima ataona ni jambo dogo. Mwenye mtoto anayeogopa tundu la choo cha shimo usiku anajua si dogo hata kidogo.

Na kuhusu kifo hakukwepa. Mwaka 1970 kilitoka kipindi ambacho anafika kwenye lile tangi na kuona samaki mmoja amelala chini, hatikisiki. Anamtoa kwa wavu, anamweka kwenye maji ya chumvi, kwa kuwa wakati mwingine samaki mgonjwa huzinduka hivyo. Hazinduki. Anamfunga kwenye karatasi laini, anatoka nje, anachimba kishimo, anamzika. Kisha anasimulia habari ya Mitzi, mbwa wake aliyekufa yeye akiwa mdogo. Alilia, bibi yake akamsikia, akaja akamkumbatia. Baba yake akasema ni lazima wamzike, naye hakutaka, alitaka kujifanya Mitzi bado yu hai. Wakamzika. Hapo Rogers haongezi mawaidha wala hawaambii watoto wasilie.

Kwa hiyo mketishe binti yako mchana, si wakati wa kulala, umwambie kwa lugha mnayoongea nyumbani, iwe Kimakonde au Kiswahili: yule babu alikuwa mzee, aliugua tumbo ugonjwa mkubwa, akafa kabla wewe hujazaliwa. Picha hizi zilipigwa akiwa hai. Hawezi kuja kwetu, lakini kesho tunaweza kumtazama tena. Huo ndio ukweli wenyewe. Alikufa kwa saratani ya tumbo tarehe 27 Februari 2003, Pittsburgh, akiwa na miaka 74. Ukisema "ugonjwa mkubwa", utakuwa umemwepusha na hofu kwamba kila anayeumwa tumbo anakufa. Kisha nyamaza. Asiposema kitu, usimjazie maneno. Kesho atauliza tena swali lilelile, nawe utajibu vilevile, bila kukasirika. Akiuliza kama na wewe utakufa, mwambie unatarajia kuishi miaka mingi umlee, na umtajie kwa majina watu wengine wanaompenda. Hiyo ndiyo hofu iliyo nyuma ya swali.

Bibi, shikamoo. Nimeona ujumbe kwenye simu kwamba huyo bwana alikuwa mdunguaji wa jeshi la Marekani, aliua watu wengi Vietnam, na masweta yale ya mikono mirefu yalikuwa ya kuficha tatuu. Ni kweli? – Dereva bodaboda, Kilwa Masoko

Marahaba mjukuu wangu. Ni uongo, na umezunguka miaka mingi kabla ya kukufikia. Rogers hakuwahi kuwa mwanajeshi.

Alizaliwa Latrobe, Pennsylvania, tarehe 20 Machi 1928. Alikuwa mtoto mnene, mpweke, aliyezomewa na wenzake, na hakusahau jambo hilo maisha yake yote. Alisomea muziki, akamaliza chuo mwaka 1951, akaingia kwenye televisheni moja kwa moja. Mwaka 1963 alibarikiwa kuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri, akapewa jukumu la kuendelea kuwahudumia watoto kwa njia ya televisheni. Kipindi chake kilianza kuonyeshwa nchi nzima Februari 1968 na kikaendelea hadi 2001, karibu vipindi 900. Yaani Vietnam ikiwaka moto, yeye alikuwa studio na vikaragosi vyake. Na masweta? Mengi alifumiwa na mama yake mzazi. Jekundu moja limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington. Mikono yake watu waliiona, maana alikuwa mtu wa kuogelea kila siku. Haikuwa na tatuu.

Nakuomba uwarudishie waliokutumia ujumbe huo jambo hili la kweli. Katika wiki ya kwanza kabisa ya kipindi, mwaka 1968, hadithi ilikuwa ya mfalme aliyeogopa mabadiliko, akaweka ulinzi na uzio mipakani. Raia wake wakamrushia maputo yenye ujumbe wa amani mpaka akalegea. Mwaka uliofuata, wakati huohuo Wamarekani weusi walikuwa bado wanafukuzwa kwenye mabwawa ya kuogelea ya wazungu, Rogers aliloweka miguu kwenye kibwawa cha plastiki siku ya joto, akamkaribisha askari polisi wa mtaa wake, aliyeigizwa na mwimbaji mweusi François Clemmons, aingize miguu yake mle mle. Wakatumia taulo moja. Hawakutoa hotuba yoyote. Watoto waliona miguu minne ndani ya maji, basi.

Shikamoo Bibi. Redio jamii moja ya hapa Mtwara imenipa nusu saa ya watoto kila Jumamosi asubuhi. Sina bajeti, sina vifaa. Nichukue nini kwa huyo Rogers? – Kijana, Mtwara mjini

Marahaba, na hongera sana. Barua yako imenipa raha ya pekee, kwa sababu mimi mwenyewe ni mtoto wa redio. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994. Kabla ya hapo sisi tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam na kipindi cha Mama na Mwana, na ilipofika saa yake ya hadithi hapakuwa na mtoto wa kutumwa dukani. Usidhani redio ni mdogo wake televisheni.

Vifaa hata yeye hakuwa navyo. Kipindi chake cha kwanza Pittsburgh, mwaka 1954, alikuwa nyuma ya pazia tu, akipiga kinanda na kuchezesha vikaragosi. Usiku wa kuamkia siku ya kwanza, mkuu wa kituo, mama aliyeitwa Dorothy Daniel, alimpa kikaragosi kidogo cha chui milia. Akakiita Daniel, akakitumia kesho yake, na kikamfuata mpaka uzeeni. Hata zile raba zilitoka huko huko, alizivaa ili asisikike akikimbia nyuma ya seti. Nawe studio yenu kama ina kiti kinacholia, kitoe kabla hujanunua chochote.

Chukua kwake mwendo wa taratibu. Uliza swali, kisha kaa kimya kwa muda mrefu kidogo kuliko utakavyojisikia huru, mtoto wa Nanyamba ajibu mbele ya redio yake. Barua za watoto zisome zote na kuzijibu, yeye alifanya hivyo maisha yake yote. Na uzungumze yale wanayoyaishi. Mwaka 1981 alitenga wiki nzima kuzungumzia wazazi kuachana, jambo ambalo vipindi vya watoto vilikuwa vinalikimbia. Huku kwetu unajua msimu wa korosho unavyokuwa. Malipo yakitoka, kuna nyumba zinazofurahi na kuna nyumba ambamo baba haonekani wiki mbili, na mama anapiga kelele jikoni. Mtoto wa miaka sita anasikia yote na kufikiri yeye ndiye chanzo. Mwambie si yeye. Hakuna mwingine atakayemwambia asubuhi ya Jumamosi.

Kuhusu bajeti, tarehe 1 Mei 1969 Rogers alikwenda mbele ya kamati ya Seneti iliyokuwa inajadili fedha za televisheni ya umma, huku serikali ikitaka zipunguzwe. Mwenyekiti, John Pastore, alijulikana kuwa mkali. Rogers alizungumza dakika chache, polepole kama anavyozungumza na watoto, akaeleza kuwa mtoto akijua hisia zake zinatajika, zinaweza kutawalika, kisha akamsomea maneno ya wimbo wake kuhusu mtoto anayejizuia wakati wa hasira. Pastore akasema mwili umemsisimka, na kwamba hizo dola milioni 20 ameshazipata. Kwa hiyo ukienda halmashauri au kwa chama cha msingi kuomba udhamini, usipeleke makaratasi peke yake. Wasomee barua moja ya mtoto, na uisome yote.

Niandikie kipindi kinaanza saa ngapi. Mikindani redio zenu zinashika vizuri, na nina wajukuu wa kuwakusanya.