Na Chuma Ulichofunga Nacho Ni Mzigo

Nimefungisha pareshoki ya chuma mbele, winchi, na portibagaje juu ya paa la Land Cruiser. Karatasi zinasema inabeba kilo 700. Bado ni 700? (Papa wa Katuba)

Hapana, Papa. Hizo 700 ni za gari lilivyotoka kiwandani, kabla fundi wako hajaligusa. Chukua uzito wa juu kabisa ulioandikwa kwenye kibati, mlangoni au chini ya kapo, toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho mnachogawana: watu, mizigo, na vyuma vyako vya urembo. Tuseme pareshoki kilo 70, winchi na waya wake 40, portibagaje 35, pine ya pili ya akiba na rimu yake 35. Tayari 180, na hujawasha moto. Panda wewe, mama watoto na vijana wenu 3, kilo 350 hivi. Zimebaki 170. Hiyo ni mifuko 6 ya unga ya kilo 25; wa 7 umezidisha. Nanyi ndio hao ninaowaona mkirudi kutoka Kasumbalesa na mifuko 20, mama mkwe kaketi juu yake.

Hesabu zangu ni za mfano. Za kwako zitatoka kwenye baskili, mzani wa kupimia magari: jaza tangi, shusha watu, pima. Usiniambie ni ghali, winchi uliinunua.

Nikiongeza lame mbili za resori nyuma, ninapata kilo ngapi zaidi?

Sifuri. Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lilelile. Lame inainua mkia wa gari, basi. Freni ni zilezile, ekseli ni ileile, shasi na beringi vilevile. Kibaya zaidi, mkia ulioinama ndio shahidi aliyekuwa anakwambia umezidisha, nawe umemziba mdomo. Australia wanaruhusu kupandisha uzito wa gari, lakini kazi yenyewe inakaguliwa na uzito mpya unaandikishwa. Lame iliyong'olewa kwenye gari bovu haiko katika habari hiyo.

Fundi wa kuchomea amesema portibagaje yake inavumilia kilo 300. Naweza kupakia makala ya kupikia juu?

Portibagaje inaweza kuvumilia. Paa je? Soma kitabu cha gari: magari mengi ya familia yanaruhusu kilo 75 hadi 100 juu, gari likiwa linatembea, na portibagaje yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Ikiwa na kilo 35, umebakiwa na 65 kwa bahati yako njema. Gari likisimama paa linabeba zaidi, ndiyo maana watu hulala juu kwenye mahema, lakini sidhani makala yako yanakwenda kulala. Uzito wa juu huvuta gari upande kwenye kona, na shofere huujua akiwa amechelewa.

Mazutu nayo inahesabiwa?

Ndiyo. Lita moja ni karibu gramu 840, kwa hiyo bidoni 4 za lita 20 ni kilo 67, bila bidoni zenyewe. Tena angalia kiwanda kilivyopima "gari tupu": Ulaya huhesabu tangi likiwa limejaa asilimia 90 pamoja na shofere wa kilo 75. Wengine hawamhesabu mtu wala mafuta. Usilinganishe karatasi za magari mawili bila kujua hilo.

Nimetundika pine 2 na bidoni za maji nyuma ya mlango. Sasa usukani umekuwa mwepesi. Fundi ameharibu nini?

Hajaharibu kitu, ni mzani tu. Weka kilo 100 mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3. Ekseli ya nyuma itabeba 133, na ya mbele itapunguziwa 33. Umeinyanyua pua ya gari. Mvua ikinyesha, pine za mbele ndizo zinazokugeuza na ndizo zinazobeba freni kubwa. Sogeza maji ndani, karibu na viti, chini. Leo, si Jumapili.

Nikivaa pine kubwa zaidi, je?

Soma namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni mwa pine, usisome ukubwa. 112 ni kilo 1,120 kwa pine moja, 104 ni 900. Nimeona pine pana za kujidai zenye namba ndogo kuliko zile zilizotolewa. Na hata ikiwa kubwa, kibati hakibadiliki.

Pareshoki ya chuma inanisaidia nini mjini?

Kuvunja mguu wa mtu wa pikipiki. Vua, urudishiwe kilo zako 70.