Mbio haziingizi senti, nani basi anamlipia binti ada Marekani?

Swali

Habari za kazi, mhasibu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja wilayani Mbulu. Nina mwanafunzi wa kike aliyemaliza kidato cha sita, mkimbiaji wa mita 5,000. Kocha wa chuo kimoja cha Marekani amemwahidi kumlipia asilimia 70 ya gharama. Baba yake hataki kusikia. Anasema hakuna mtu anayemlipa mtu akimbie porini bila hata kiingilio getini, kwa hiyo huu ni utapeli. Mimi nami nimesoma kwamba vyuo vya huko sasa vinagawia wachezaji mamilioni na vinafuta timu ndogo. Mchezo usioingiza hela unalipiwa na nani? Na timu ikifutwa mtoto akiwa mwaka wa pili, ataachwa njiani?

Jibu

Mwalimu, mpelekee mzee shikamoo yangu, na umwambie kwamba swali lake ndilo linalotukesha hapa ofisini kila tunapoandaa bajeti. Mimi ni mhasibu wa idara ya michezo katika chuo cha huku, na kabla ya hapo nilikuwa chuo kingine. Kote kuwili nimekuta michezo miwili tu yenye uwezo wa kujilipia: futiboli yao ile ya mpira mfano wa yai, na kikapu cha wanaume. Riadha, kuogelea, mieleka, makasia, tenisi na mingineyo hula kuliko inavyoingiza. Pengo linazibwa na haki za televisheni za hiyo miwili, michango ya wahitimu wenye nazo, ada ya michezo anayokatwa kila mwanafunzi apende asipende, na ruzuku ya chuo chenyewe.

Vyuo vidogo vina njia nyingine inayonichekesha hadi leo. Vinaipeleka timu yao ya futiboli ikapigwe na jitu la chuo kikubwa, na jitu linalipa kwa kuletewa mtu wa kumpiga, wakati mwingine zaidi ya dola milioni 1 kwa mechi moja. Jumamosi mnafungwa pointi 59 kwa 7 mbele ya maelfu ya watu, nahodha anachechemea, na hela hiyo ndiyo inayowanunulia wakimbiaji viatu vya msimu mzima.

Sasa tufike kwenye hiyo asilimia 70, maana hapo ndipo mzee anapodhani kuna mtu anatoa noti mfukoni. Kila muhula ukianza mimi hukaa mbele ya kompyuta na kuandika mstari mmoja kwa kila mchezaji: idara ya michezo imetoa kiasi fulani, kitengo cha ada kimepokea kiasi hicho hicho. Hakuna hela iliyotoka getini. Imetoka mfuko wa kulia ikaingia wa kushoto wa suruali ile ile. Ukumbi wa somo la baiolojia wenye viti 120 na wanafunzi 104 hauongezewi mhadhiri kwa sababu binti wa Mbulu amekaa kiti cha 105. Kwenye vitabu vyangu anaonekana ni gharama ya maelfu ya dola, ilhali kilichomtoka chuo kwa kweli ni chakula chake, bima, nauli na sehemu yake ya mshahara wa kocha. Bodi ikiletewa karatasi inayosema riadha "imepoteza" kiasi fulani, mimi huuliza kwanza: ni kiasi gani cha hicho tulijilipa wenyewe?

Hata hicho kinachotoka kweli si cha kutisha. Nina bahasha hapa ya safari moja ya mbio za nyika: basi la kukodi, vyumba tisa vya hoteli ya kandokando ya barabara kuu, makopo manne ya siagi ya karanga, mikate, sanduku la ndizi. Dereva wa basi ametugharimu kuliko chakula cha timu nzima.

Isitoshe, asilimia 70 ina maana kuna 30 inayolipwa na mtu. Timu ya riadha yenye watu 40 ambao kwa wastani wanalipiwa nusu, inakiletea chuo ada ya nusu iliyobaki, na pengine bila timu hiyo nusu yao wasingekuja kabisa. Vyuo vya Daraja la Tatu, ngazi ya chini ya michezo ya vyuo, haviruhusiwi kutoa hata senti ya ufadhili wa michezo, lakini vina timu tele, maana kwao kila timu ni mtego wa kuvuta wanafunzi wanaolipa. Chuo chenye mabweni matupu hakiwezi kuiita timu kama hiyo mzigo.

Kuna jambo ambalo makocha hawalitaji wakija Mbulu au Iten kule Kenya. Msichana wa mbio ndefu ana thamani ya pekee kwenye karatasi zetu. Sheria ya mwaka 1972, ile waiitayo Title IX, inavidai vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu viwape wanawake nafasi sawa, na michezo imo. Futiboli peke yake inabeba wanaume zaidi ya mia, kwa hiyo ni lazima upande wa pili wa mizani uwekewe wanawake. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kinahesabu mbio za nyika, riadha ya ndani ya majira ya baridi na riadha ya uwanjani ya majira ya kuchipua kuwa michezo mitatu. Binti yule yule, kwa miguu ile ile miwili, anahesabiwa mara tatu. Tena chuo chenye futiboli ya ngazi ya juu kinatakiwa kiwe na michezo isiyopungua 16, na hiyo mitatu inapatikana kwa kocha mmoja au wawili. Nikiambiwa nitafute timu ya kukata, riadha ya wanawake ndiyo ya mwisho kwenye orodha yangu. Kwa mvulana nisingesema hivyo kwa uhakika huo.

Habari uliyoisoma ni ya kweli, na inaanza na muogeleaji. Grant House wa chuo cha Arizona State, mchezaji wa mchezo usioingiza kitu, alikuwa miongoni mwa walioishtaki NCAA wakidai wachezaji wapate sehemu ya mapato. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi hiyo: karibu dola bilioni 2.8 za fidia kulipwa kwa miaka 10, na kuanzia tarehe 1 Julai 2025 kila chuo kinachojiunga na suluhu hiyo kinaweza kuwagawia wachezaji wake moja kwa moja, kikomo kikiwa takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Mgawo unaotajwa sana ni robo tatu kwa futiboli, na kikapu kinachukua sehemu kubwa ya robo iliyobaki. Muogeleaji akafungua mlango, wenye mpira wa yai wakapita. Milioni hizo hazikuwapo kwenye bajeti ya mwaka uliotangulia. Lazima zitoke mahali, na sisi tunaoshika kalamu tunajua macho yanaelekea wapi.

Suluhu hiyo imebadilisha pia hesabu ya nafasi. Zamani timu ya wanawake ya riadha na nyika ilikuwa na kikomo cha ufadhili kamili 18, ambao kocha aliuvunjavunja vipande awape wengi. Ya wanaume ilikuwa 12.6. Kwa vyuo vilivyojiunga, kikomo cha ufadhili kimeondolewa, kikawekwa cha idadi ya watu: 17 mbio za nyika, 45 riadha. Kwenye karatasi wote 45 wanaweza kulipiwa kila kitu. Hela ya kuwalipia wote mimi sijaiona. Kinachogombaniwa sasa ni nafasi kwenye orodha, na wanaoachwa ni wa kati na wa chini. Kwa hiyo muulize kocha waziwazi: huyu binti ni wa kukimbia nyika katika wale 17, au ni wa kujaza orodha?

Kuhusu timu kufutwa, hutokea. Julai 2020 Stanford, chuo tajiri kupindukia, kilitangaza kuondoa michezo 11. Machi 2021 mwanamieleka wao Shane Griffith alipanda ulingoni na vazi jeusi tupu lisilo na jina la chuo, akatwaa ubingwa wa taifa. Wahitimu wakachanga, mawakili wakaingia, na Mei 2021 chuo kikarudisha michezo yote. Si kila mahali pana wahitimu wa namna hiyo. Kazini kwangu kwa zamani timu moja ilifutwa kwa barua ya asubuhi, na mimi niliyeandaa hesabu nilijua kabla ya kocha wake. Tulikutana kwenye korido akanisalimia vizuri tu, nikashindwa kumtazama. Wachezaji waliotaka kubaki waliendelea kulipiwa hadi kuhitimu, kwa kuwa ahadi hiyo iliandikwa. Hilo neno "iliandikwa" mwalimu usilipite haraka. Mkataba wa ufadhili unaweza kuwa wa mwaka mmoja au wa miaka kadhaa. Wa mwaka mmoja ukiwa hauendelei, chuo lazima kimjulishe mchezaji kufikia tarehe 1 Julai na kimpe nafasi ya kukata rufaa. Omba wa miaka minne, na sentensi inayosema nini kinatokea timu ikifutwa.

Halafu ile 30. Tuseme ada ni dola 34,000, chumba na chakula 14,000, jumla 48,000. Asilimia 70 ni 33,600. Familia inabaki na 14,400 kila mwaka, na chuo hakitatoa fomu ya I-20 ya kuombea viza mpaka kione ushahidi kwamba hela hiyo ipo. Mashamba ya vitunguu sijui kama yanafika huko. Wengi huambiwa "tutaongeza mwaka wa pili". Ahadi ya mdomo hiyo, mimi sina mahali pa kuiandika kwenye vitabu vyangu.

Kuna na kodi, ambayo hakuna kocha niliyewahi kumsikia akiitaja. Ufadhili unaolipia ada haukatwi kodi, lakini unaolipia chumba na chakula unahesabiwa kuwa kipato. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 hukatwa asilimia 14 ya sehemu hiyo, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kumpunguzia. Akilipiwa chumba na chakula chote cha 14,000, hiyo ni 1,960. Inatokea kwenye akaunti yake ya chuo kama deni, na akiwa na deni hawezi kujiandikisha masomo ya muhula unaofuata. Nimewapokea watoto dirishani kwangu wakilia kwa jambo hili. Na ule mgawo mpya wa mamilioni msiuhesabie hata senti: viza hiyo inabana sana kazi za malipo, na vyuo vingi vinaogopa kuwalipa wageni.

Mzee akiendelea kusema utapeli, mkumbushe Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyekimbilia chuo cha El Paso, Texas, na akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Katika Olimpiki ya mwaka 1988 kule Seoul, Wakenya wawili walitwaa dhahabu wakiwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani: Paul Ereng wa Virginia katika mita 800, na Peter Rono wa Mount St. Mary's, chuo kidogo cha Maryland, katika mita 1,500. Wamarekani wenyewe wanautegemea mfumo huu. Kamati yao ya Olimpiki haiendeshwi kwa ruzuku ya serikali, hivyo viwanja vya vyuo ndiko waogeleaji na wakimbiaji wao wanakopikwa.

Kwa hiyo ofa yenyewe inaweza kuwa halali kabisa na bado ikamshinda mzee. Mwandikie kocha barua pepe, msipigiane simu, umuulize mkataba ni wa miaka mingapi, hiyo 70 ni ya ada tu au na chakula, nani anamlipia kodi, na chuo kimejiunga na suluhu ya 2025 au hakikujiunga. Usiache kuuliza pia kuhusu bima ya afya, maana vyuo vingi huitoza nje ya ada. Akijibu, nitumie jibu lenyewe kama lilivyo, ukifuta majina, nikupigie hesabu ya miaka minne.