Rafiki Mkhmer kaniuliza "kwenu kuna nini", nikakosa jibu

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 21, nasoma chuo hapa Dodoma ila kwetu ni Kondoa. Kuna grupu la WhatsApp tunafanyia mazoezi ya Kiingereza na humo nimepata rafiki wa Kambodia, ni Mkhmer, yaani wa kabila kubwa la huko. Anti huyu kaka anaipenda nchi yake mpaka unashangaa, kila siku hekalu lao la Angkor Wat, mara bendera, mara wafalme wao wa zamani. Sasa juzi akaniuliza na wewe kwenu kuna nini, nikamwambia Serengeti na Kilimanjaro, akasema hapana, nataka kwenu kabisa ulikozaliwa. Nikaangalia simu weee mwisho nikazima data. Je yeye anazidisha au mimi ndo nina shida? Na nianzie wapi, maana historia niliiacha kidato cha pili nikaingia sayansi.

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo kaka hazidishi. Angkor Wat ilijengwa karne ya 12 enzi za mfalme Suryavarman II, na mpaka leo hekalu hilo liko katikati ya bendera yao, kwahiyo mtoto wa Kikhmer analiona shuleni kila asubuhi kabla hajajua hata kusoma.

Ila kuna kitu nataka ukijue, maana umeniuliza kwa moyo na mimi nakujibu kwa moyo. Hata Khmer Rouge, wale wakomunisti wa Kambodia, walikuwa na hekalu kwenye bendera yao. Hao ndo waliotawala kuanzia Aprili 17, 1975 mpaka Januari 7, 1979, na inakadiriwa watu milioni 1.7 hivi walikufa kwa kuuawa, njaa, magonjwa na kazi ngumu, karibu robo ya nchi nzima, na walimu na wasomi waliwindwa haswa. Pale Phnom Penh kuna sekondari waliyoigeuza gereza, Tuol Sleng, sasa ni makumbusho, na ukiingia kwenye madarasa unakuta yamegawanywa kwa matofali kuwa vijichumba visivyofika hata mita moja upana. Darasa mwanangu, kama hilo ulilosomea wewe.

Sasa kwa miaka mingi baada ya hapo shuleni hayo mambo yalikuwa yanaguswa juu juu tu, wazazi wengi wakawa kimya kwa maumivu, na wapo vijana waliokuwa hawaamini kabisa wakisimuliwa, wanaona mama anatia chumvi. Mpaka 2007 Kituo cha Nyaraka cha Kambodia kikatoa kitabu cha historia hiyo kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari, kimeandikwa na Mkhmer mwenyewe. Na tazama fahari bila kujua inavyofanya: Januari 2003 ulienea uvumi kwamba muigizaji mmoja wa Thailand kasema Angkor ni mali ya Thailand, yeye akakana, lakini watu walishaingia barabarani na ubalozi wa Thailand Phnom Penh ukachomwa moto. Kwahiyo rafiki yako akikusimulia wafalme, muulize na bibi yake alikuwa wapi mwaka 1975. Muulize kwa upole tu, na akinyamaza muache.

Haya turudi kwako. Hapo Kolo, njia ya Kondoa kwenda Babati, mimi nimepita na basi miaka na miaka nikiwa nimelala, nilishuka kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 43 na roho iliniuma. Unapanda mlima, unafika chini ya jabali lililoinama, afu unaona watu wamechorwa kwa rangi nyekundu iliyoiva, wembamba, warefu, vichwa vikubwa kama wamesuka nywele za kusimama, na wanyama pembeni. Nilisogea mpaka pumzi yangu ikagusa jiwe. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikuja 1951 akakaa kunakili michoro hiyo, UNESCO wakaiweka kwenye urithi wa dunia 2006, na wazee wa huko bado wanaenda kufanya matambiko kwenye jabali mojawapo la michoro, Mungumi wa Kolo, maana kwao pale ni mahali pa ibada. Ofisi ya malikale iko palepale Kolo, unajiandikisha wanakupa mtu wa kukuongoza.

Na sisi pia tuna ya kuumiza. Waulize wazee wa Kigogo hapo Dodoma kuhusu Mtunya, ile njaa ya 1917 mpaka 1920, Wajerumani na Waingereza walikuwa wanapigana vita yao wakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua nayo ikagoma, watu wakaisha. Kongwa nayo ina makubwa, kuanzia 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru, FRELIMO wa Msumbiji, ANC wa Afrika Kusini, SWAPO wa Namibia.

Lakini anza na bibi yako kama bado yupo. Usimwambie "bibi nipe historia", atakuambia hana. Muulize jina lako la ukoo limetokana na nini, muulize mwaka gani walikula mizizi, muulize nani alikuwa anaomba mvua pale kijijini, afu weka simu irekodi kwenye mkeka na usimkatize hata akirudia. Rafiki yako anaweza kusubiri wiki mbili. Likizo si inaanza mwezi huu?