Jibu: Je, sikio hutofautisha MP3 na CD?

Ndugu, umeuliza kama inafaa kujaza simu kwa faili za ubora wa CD badala ya MP3, yaani faili za muziki zilizobanwa ili zichukue nafasi ndogo. Kwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde (kiasi cha data kwa kila sekunde ya muziki) tofauti yaweza kusikika, hasa katika ngoma zetu za Kigogo, kwa kuwa milio ya njuga na makofi, ambayo huanza ghafla, ni miongoni mwa ile ambayo ubanaji wa faili huiharibu mapema. Kwa kilobiti 320, wasikilizaji wengi hushindwa kuitofautisha na CD yenye takriban 1,411, mradi wasijue ni ipi inayopigwa na sauti zisawazishwe kwanza, kwani iliyo kubwa kidogo hudhaniwa kuwa bora. Mwombe mwenzako akupime hivyo, tena mara nyingi. Fedha ya kadi kubwa ya kumbukumbu mimi ningenunulia spika nzuri za masikioni.