Mashine ya kuvunjia zege inagonga kinyonge

Ndugu, umesema mashine yako ya umeme ya kuvunjia zege inagonga kinyonge na kutoa cheche nyingi. Chomoa plagi kwanza, kisha fungua vifuniko vya kaboni, yaani vile vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Kaboni zikiwa zimelika, badilisha zote mbili kwa pamoja. Kama bado nzima, tazama waya wa kuongezea umeme: ukiwa mrefu na mwembamba huinyima mota nguvu, na ukiachwa umeviringishwa hupata moto hadi kuyeyuka.

Halafu acha kuikandamiza mashine (wengi wetu tulianza hivyo). Uzito wake unatosha. Wewe ishike imara tu, na tindo ikikwama usiifanye mtaimbo. Paka grisi kwenye shina la tindo kila unapoichomeka. Miwani na viziba masikio, lazima. Ukuta wenye nyaya, zima umeme wake kabla hujagusa.